Ni Gesi Tu, Alisema Mama Pindo

Habari iliyomkaa Mama Pindo kichwani ikakataa kutoka ilikuwa ya Mama Mafagio. Watu walisema Mama Mafagio alipelekwa hospitali tumbo limemjaa kama ngoma, madaktari wakamtoboa ubavuni kwa sindano nene, maji yakatoka ndoo kwa ndoo, na maji yalipokwisha roho nayo ikatoka. Nani aliona? Hakuna. Nani alizika? Naye hakuna. Ila mwanamke huyo hakuonekana tena mtaani, kibanda chake cha mafagio kikachukuliwa na kijana muuza vocha, na kwa mtaa ule, huo ulikuwa ushahidi wa kutosha.

Mama Pindo, fundi cherehani, aliipata habari hiyo kwa wifi yake, dada wa mumewe. Wifi alikuwa muuza mboga, na hakuwahi kumuuzia mtu fungu bila kumwongezea habari juu yake. Kwa hiyo tumbo la Mama Pindo mwenyewe lilipoanza kujaa na pumzi kukata, alikuwa tayari ana uhakika wa mambo mawili. Kwanza, hospitali haendi. Pili, ile ni gesi. Ilikuwa lazima iwe gesi, kwa sababu gesi haitobolewi.

Halafu kulikuwa na ufundi wake, ambao ndio uliomponza. Nguo za wateja alizikata kwa kubana, kitambaa kisipotee. Zake mwenyewe aliziachia kitambaa kipana ndani ya mshono, upande huu na upande ule, maana alijua mwili wa mama mtu mzima hauna msimamo. Basi gauni likianza kubana, jioni alifumua, akashona nje kidogo, asubuhi likamkaa vizuri. Mwanamke mwingine angeshtuka zipu ikikataa kufunga. Kwa Mama Pindo zipu haikuthubutu kukataa. Alikuwa na mkasi.

Akafumua la maua, akafumua la mistari, akafumua la kijani. Akawa ananenepa tumbo tu, mikono inakonda, na kila akijitazama kwenye kioo cha wateja alijiona amependeza.

*

"Wifi, mbona unahema kama umefukuzwa na mbwa?"

"Ni hili kanyagio. Limekuwa gumu."

Kanyagio la cherehani lilikuwa limetiwa mafuta asubuhi ile ile. Wifi alitua kapu lake mlangoni, akamtazama kuanzia kichwani, akafika katikati, akakaa hapo.

"Na tumbo?"

"Gesi."

"Gesi usiichezee. Ikikosa njia ya kutokea chini inapanda juu, ndiyo hiyo inayobana pumzi. Chukua soda ya kuokea, kijiko kizima, koroga kwenye maji, tia na chumvi. Kunywa mpaka ucheue. Ukicheua ujue imetoka."

"Nicheue mbele ya wateja?"

"Geukia ukutani."

Mama Pindo akanywa, akageukia ukutani, akacheua. Alicheua vizuri mno. Akapata nafuu ya muda wa kushona kifungo kimoja, halafu tumbo likarudi mahali pake kama mpangaji aliyetoka kuota jua. Kesho yake akanywa tena. Akaacha maharage, akaacha kabichi, akaacha maziwa, mwisho akaacha karibu kila kitu, maana matonge mawili tu yalimshibisha kama mtu aliyetoka karamuni. Hilo lilimfurahisha. Alijiambia kwamba uzee umemjia na adabu, sasa anakula kwa kiasi.

Mgongo ulipouma kwa kuinama mezani, alinunua vidonge vya maumivu dukani kwa jirani, akavimeza kama pipi. Ulikuwa msimu wa sare za shule. Vitambaa vilijaa mpaka juu ya kiti cha wageni, na kila mzazi alitaka ya mwanawe itangulie. Huo si wakati wa kuugua. Wakati wa kuugua, kwa hesabu yake, ungefika shule zikishafunguliwa.

*

Mwenye bucha alikuja kupimwa suruali. Alikuwa mtu mkubwa, ambaye kiuno chake hakikuzungukwa na mikono ya fundi bila yeye mwenyewe kusaidia. Mama Pindo alimpitishia utepe nyuma, akainama kuushika kwa mbele, na pale pale hewa ikaisha. Haikupungua, iliisha. Akaona vumbi linang'aa mbele ya macho. Akashika kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa mwenye bucha, akaweka paji la uso kifuani kwake, akabaki hapo.

Mwenye bucha aliinua mikono yote miwili juu kama mtu anayekamatwa.

"Fundi. Umemaliza kupima?"

"Bado," ikajibu sauti kutoka ndani ya shati.

"Sasa unapima nini huko?"

"Kifua."

"Mimi niliagiza suruali."

Mama Pindo hakuwa na pumzi ya kujibu. Mlangoni walisimama wanawake wawili waliofuata sare za watoto wao. Wakatazamana, wakaamua kwamba sare zinaweza kusubiri, wakaondoka kwa haraka ya watu wenye habari.

"Mimi nina mke, fundi," alisema mwenye bucha kwa upole, kama anayemwonea huruma.

Akamsaidia kukaa juu ya rundo la kaptula. Kabla jua halijazama wifi alikuwa amefika.

"Ni kweli umemkumbatia mwenye bucha?"

"Nilikuwa naanguka."

"Wote husema hivyo."

*

Nyumbani, mumewe seremala hakuuliza kitu. Hilo lilimtisha Mama Pindo kuliko maswali. Alikuwa ameshaanza kulala ameketi. Akijinyoosha chali, alihisi kama mtu mzima amekuja kumkalia kifuani, kwa hiyo alishona mto kwa mabaki ya vitambaa, akauweka juu ya ule wa zamani, kisha akashona mwingine. Alilala kama msafiri anayesubiri gari stendi. Alimwambia mumewe kwamba gesi haipendi kulaliwa.

"Sawa, mama," alisema mumewe, akamchotea maji ya kuoga.

Tangu waoane hakuwahi kumchotea maji. Akawa anamnyang'anya pasi mkononi, anamwambia asibebe vitu vizito. Mama Pindo aliwaza kwamba mwenzake amesikia habari za bucha na sasa anashindana. Alijisikia vibaya, na pia, tuseme kweli, alijisikia vizuri kidogo. Ila kila alipompelekea chakula karakana alimkuta anafunika kitu kwa gunia haraka haraka.

Binti yao, aliyeolewa mbali, akapiga simu.

"Mama, mbona sauti yako inakatika?"

"Mtandao."

"Mtandao hauhemi, mama."

"Nimetoka kupanda ngazi."

"Ngazi ipi? Kwetu hakuna ngazi."

"Ya jirani. Haya mwanangu, salio linakwisha."

Akakata simu, na aliyepiga alikuwa binti. Akakaa akiitazama ile simu, akitamani ilie tena ili aseme ukweli, na akiomba isilie.

Wiki ile alifumua gauni la bluu, akakuta ndani ya mshono hamna kitu. Kitambaa chote cha ziada kilikuwa kimekwisha, zimebaki nyuzi tu. Hapo mtu mwenye akili angeshtuka. Mama Pindo alitafuta kipande cha rangi inayokaribiana, akakipachika ubavuni kuanzia kwapani hadi chini, pande zote mbili, akapiga pasi, akatoka nalo barabarani. Wateja wawili waliuliza mtindo ule unaitwaje, wakaagiza. Miguuni alivaa ndala za mumewe, maana zake zilikuwa zimegoma kupokea vidole.

*

Mwanamke mmoja mwembamba alipiga hodi na furushi.

"Fundi, nina magauni ya kupunguza. Yananivuka."

"Weka hapo," alisema Mama Pindo bila kuinua kichwa. Siku hizo kuinua kichwa nako kulikuwa kazi. Akavuta gauni la juu, akaligeuza ndani nje, akautambua mshono. Ulikuwa wake. Hakuna fundi mwingine aliyemalizia shingo namna ile.

"Hili nilimshonea Mama Mafagio," alisema. "Umelipata wapi wewe? Nguo za marehemu hazivaliwi hivi hivi."

"Marehemu nani?"

Ndipo Mama Pindo akainua kichwa. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, lakini mwanya wa mbele ulikuwa ule ule.

"Wewe si ulikufa?"

"Lini?"

"Walipokutoboa. Maji yakatoka, halafu..."

"Halafu nini?"

"Roho."

Mama Mafagio akavuta kigoda, akakaa. "Nilihamia kwa dada yangu, kwake hospitali iko karibu. Kibanda nilimwachia yule kijana wa vocha. Kwani hakuwaambia?"

"Hatukumuuliza."

"Rambirambi mlichanga?"

"Wifi alikusanya."

"Zilikwenda wapi?"

Mama Pindo akafikiri. Kwa kweli hakuna aliyewahi kuuliza.

"Nitampitia," alisema Mama Mafagio, akacheka mpaka akafuta macho. "Walinitoa maji, ni kweli. Ini langu ndilo bovu. Walinitia ganzi, wakachoma, nikalala natazama dari, na pumzi ikarudi pale pale. Sijapona, natumia dawa. Lakini unaniona nimekuja kupunguza nguo. Wewe je? Simama nikuone."

"Nina kazi."

"Simama."

Mama Pindo akasimama, akishika meza. Mama Mafagio akatazama vile viraka vya ubavuni, akatazama ndala za kiume, hakucheka tena.

"Tangu lini?"

"Ni gesi tu."

"Hata mimi nilikuwa na gesi. Nilikuwa nayo mpaka nikashindwa kuinama kufunga kiatu."

Nje mtu alikuwa anaita bei ya nyanya. Mama Pindo alitafuta maneno ya utani, ambayo kwa kawaida hayakumpungukia, akakuta nayo yameisha.

"Naogopa," alisema. "Naona nikienda sitarudi."

"Na ukibaki hapa? Kutoka hapo ulipo mpaka mlangoni tu, utafika bila kupumzika?"

Mama Pindo akautazama mlango. Ulikuwa karibu sana. Akajua kwamba hafiki. Akamwomba Mama Mafagio akamwite seremala.

*

Hospitalini mlinzi aliwatazama mara moja tu. "Wajawazito benchi lile."

Mama Pindo alitaka kukataa, lakini lile benchi lilikuwa na mahali pa kuegemea. Akakaa. Msichana mwenye mimba changa akamsogelea kwa heshima.

"Wa ngapi, mama?"

"Wa mwisho," alijibu Mama Pindo, akafumba macho.

Daktari, mwanamke kijana, alibonyeza muundi wake kwa kidole gumba. Kidole kilipoondoka, shimo lilibaki kama kwenye unga uliokandwa. Akauliza analalia mito mingapi. Akauliza anakula nini, anakunywa nini.

"Presha umewahi kupimwa?"

"Mimi ndiye napima watu kila siku."

"Unawapima presha?"

"Viuno."

Daktari akamfunga mkono kwa kile kifaa kinachojaa upepo, akatazama namba, akapima upya, akaacha kutabasamu. Seremala aliyesimama mlangoni akavua kofia.

"Samahani daktari. Mtoto yuko salama?"

"Mtoto yupi?"

"Huyo wa tumboni."

Mama Pindo akageuka polepole. "Baba. Mimi nina wajukuu. Mambo hayo yalishakoma siku nyingi."

"Nilidhani unanificha," alisema mumewe, akikunjakunja kofia. "Nimeshatengeneza kitanda. Bado kupaka rangi tu."

Daktari alisoma bango la ukutani kwa muda mrefu, bango ambalo bila shaka alikuwa amelizoea. Mama Pindo alitaka kucheka, kicheko kikakosa hewa, kikatoka kama kilio. Huenda kilikuwa kilio kweli. Maji, pasi, ukimya, vyote vilikuwa vya mtu aliyeona tumbo linakua na hakujua aulize vipi, kwa kuwa mwenye tumbo kila siku alikuwa na jibu.

Wakampima damu, mkojo, wakampiga picha ya tumbo, wakampima moyo. Kisha daktari akakaa mbele yao.

"Tumbo kujaa na pumzi kukata vina sababu nyingi. Inaweza kuwa gesi kweli, au choo kigumu, au vidonda vya tumbo. Damu ikipungua mtu huhema. Kuna pumu na magonjwa mengine ya mapafu. Wasiwasi peke yake humfanya mtu ahisi hewa haitoshi. Kwa mwanamke, uvimbe kwenye vifuko vya mayai ya uzazi hujaza tumbo. Na mimba," akamtazama seremala, "nayo imo. Halafu ini, figo, na moyo. Kwa nje yote yanafanana, ndiyo maana tunapima."

"Na mimi?"

"Moyo. Presha imekuwa juu miaka mingi bila wewe kujua, moyo umesukuma mpaka umechoka. Damu haisukumwi vizuri, maji yanabaki nyuma. Mapafuni, tumboni, miguuni."

"Na gesi?"

"Gesi siyo tatizo lako, mama."

"Hata kidogo?"

Mama Pindo alipomtajia soda ya kuokea na chumvi, na vidonge vya dukani, daktari aliacha kuandika. "Hiyo soda nayo ni namna ya chumvi, na chumvi inashika maji mwilini. Ulikuwa unajimwagilia. Na vile vidonge vya maumivu navyo vinazuia maji kutoka."

"Lakini nilikuwa nacheua."

"Ulikuwa unatoa hewa na kubakiza maji."

"Sasa mtanitoboa?"

"Wewe hapana. Wewe utakojoa."

Wakamlaza, wakamtia dawa mshipani, akakojoa. Alikojoa bila aibu, bila kupumzika, mpaka muuguzi akamwomba ampe walau nafasi ya kumwaga. Pumzi ikaanza kurudi kidogo kidogo. Kitanda cha pili alilala muuza mkaa, mama wa rika lake, ambaye kwao nao walisema ni gesi, akaletwa wakati hawezi tena kuketi. Waliongea habari za watoto na bei za sare. Mama Pindo alimwahidi kumshonea gauni lenye nafasi ya kutosha. Kesho yake mchana alirudi kutoka msalani akakuta godoro la jirani yake liko wazi na shuka limekunjwa. Akapanda kitandani kwake, akaomba simu ya muuguzi, akampigia binti yake na kumwambia kila kitu, hata habari ya mwenye bucha.

*

Aliruhusiwa akiwa na tumbo dogo na mfuko wa dawa. Daktari alimwambia wazi kwamba moyo uliochoka haurudi kuwa mpya. Atameza vidonge siku zote, atapunguza chumvi, atajipima uzito kila asubuhi, na ukipanda ghafla arudi upesi. Sare nyingi alizowaahidi watu zilichukuliwa na fundi wa mtaa wa pili. Alipoteza wateja. Magauni yake yote sasa yalimning'inia, na hakuwa na nguvu ya kuyapunguza, akayavaa hivyo hivyo kama mtoto aliyevaa nguo za mamaye.

Wifi akaja kumtazama. Alitua kapu lake, akasema akitazama sakafu:

"Ile soda ni mimi."

"Uliniambia wewe, nikanywa mimi. Tumegawana."

"Mama Mafagio alinipitia."

"Nimesikia. Alikukuta?"

"Nilijificha nyuma ya kabichi."

Wakacheka, Mama Pindo kwa uangalifu. Kisha akamshika mkono.

"Wifi, sikia. Mle wodini kulikuwa na mwenzangu. Hakutoka. Naye walimwambia kama ulivyoniambia mimi, na waliomwambia walimpenda kama unavyonipenda. Wewe unapita mlango kwa mlango kila siku, na neno lako linafika kabla ya mboga. Nataka upitishe hili."

"Kwani umekuwa daktari?"

"Nimekuwa mgonjwa. Shika vizuri, nitasema mara moja, pumzi yenyewe si nyingi."

Wifi akajifunga kanga vizuri kiunoni, akasogea. Mama Pindo akasema:

Usiseme ni gesi kabla hujapimwa.

Usinywe soda ya kuokea wala maji ya chumvi siku baada ya siku kwa sababu jirani alicheua akapona.

Usimeze vidonge vya maumivu kila siku bila daktari kujua.

Usifurahie kushiba kwa matonge mawili.

Usizoee kulala umeketi, wala kuvaa ndala za mume kwa sababu miguu imevimba.

Usipanue nguo kila wiki bila kujiuliza kwa nini.

Usingoje kesho kama pumzi inakata umekaa tu, kifua kinabana, umezimia, tumbo limeuma ghafla, au unatapika damu. Nenda saa hiyo hiyo.

Usikimbie sindano ambayo hujaambiwa utachomwa.

Usiingie utu uzima bila kupimwa presha.

Usiache dawa kwa kuwa umejisikia nafuu.

Usimdanganye anayekupigia simu.

"Na wewe, wifi," alimaliza Mama Pindo, akiegemea mito yake, "usiongeze lako njiani."